Bati la Kijani

Wifi yake aliingia amelishika gauni kwa vidole viwili, kama anayetupa panya.

"Wifi, hii rangi ni damu ya mzee au mimi ndiye nimezeeka? Gauni jekundu la damu ya mzee, umenipigia pindo kwa uzi wa kahawia! Watu wamenitazama miguu siku nzima, mwenyewe nikadhani nimependeza."

Mshonaji alicheka naye. Ukimnunia wifi umempa ushindi. Lakini alipobaki peke yake alilipeleka gauni chumba cha nyuma, penye cherehani yake, akaligeuza pindo huku na huku. Uzi na kitambaa, kitu kimoja. Lilianza shati la jirani, ikafuata sketi ya sare, sasa hili. Macho yamekwisha, akajiambia. Na mshonaji asiyejua rangi ni mshonaji wa nini?

Hakumwambia mtu, mumewe ndiyo kabisa. Mumewe alikuwa fundi wa mapaa. Jirani alipojenga ukuta ukaziba dirisha la chumba kile, ni yeye aliyepanda juu akapachika bati la plastiki la kijani, linalopitisha mwanga, lililobaki kwenye kazi ya watu. "Jua la bure, mama watoto!" alisema akijipiga kifua. Siku za mwanzo walionana kijani wakachekana kama vichaa. Baadaye wakazoea, wakasahau.

Siku hizi mume alikuwa haishi kumchungulia. Umekula? Umelala vizuri? Mke akaona, huyu ameshajua. Kesho yake asubuhi akapiga moyo konde, akampigia wifi: njoo uichukue cherehani, mwanao ajifunzie. Akakata simu kabla sauti haijamsaliti.

Hajaiweka simu chini, mume akaingia chumba cha nyuma na chupa na kijiko.

"Kunywa. Dawa ya kuongeza damu. Uso umekupauka, midomo nyeusi, na wewe kimya tu. Unanificha nini?"

Akamimina. Akasita. Dawa ilikuwa nyeusi tii, kama oili chafu.

"Ala! Dukani ilikuwa nyekundu! Wamenibadilishia hawa. Leo watanitambua!"

Akatoka kama mshale. Mke alisikia hatua zikikoma mlangoni. "Nyekundu!" akaguta huko juani. Mume akarudi, akaitazama chupa, akatoka tena, akarudi tena.

"Baba watoto, ngoma gani hiyo unacheza?"

"Njoo nje."

"Niache, nina kazi."

"Njoo, nakwambia!"

Juani alimshika kidevu, akamgeuza huku na huku. "Mzima wewe! Mashavu haya hapa!"

Mke hakuwa akimsikia. Gauni la wifi alikuwa ametoka nalo begani, na uzi wa kahawia ulikuwa umetambaa pindoni kama nyayo za matope kwenye zulia. Akaingia nalo ndani: uzi ukapotea. Akatoka: huo hapo. Akaketi kizingitini, akalia na kucheka kwa pamoja.

"Nilidhani nimekuwa kipofu."

"Mimi nilidhani nabaki mgane."

Wote wawili wakainua macho juu ya paa. Mume akakuna kisogo.

"Lakini lile bati ni zuri," alisema kwa sauti ndogo.

"Zuri sana. Kuku watalipenda."

Wifi alipofika na mkokoteni wa kukodi alimkuta kaka yake juu, amekumbatia bati la kijani, jasho linamtoka.

"Kaka, unahamisha nyumba au unahama akili?"

"Muulize wifi yako."

Ndani, jua lilishuka moja kwa moja kupitia tundu la paa, jeupe, likamwagika juu ya meza ya nyuzi. Nyekundu ilikuwa nyekundu, kahawia kahawia. Mshonaji alikuwa amelifumua pindo lote na tayari ameshatunga sindano uzi wa damu ya mzee.

"Nimefuata cherehani," wifi alisema.

"Umefuata gauni. Keti, namaliza sasa hivi."

"Na mvua ikinyesha na tundu hilo?"

"Kaka yako si yuko juu? Atatandika mgongo."