Macho ya Kuazima

Ukiwa mtu wa Kamina na uliwahi kuhitaji foto nne za haraka za kubandika kwenye karatasi za serikali, basi unaikumbuka ile shuka nyeupe ya Zébédée Kayembe. Aliitundika ukutani jirani na stesheni, akakukalisha kwenye kistuli, akakuinua kidevu kwa kidole kimoja, akapiga. Alikuwa fundi tangu siku ya kwanza, tusimnyime haki yake. Ubaya wake ulikuja baadaye, tena taratibu, wakati sisi wote tunampigia makofi.

Alikwenda Lusaka na begi moja na kamera moja. Miaka miwili alipiga harusi na batizo za watu. Kisha mbunge mmoja wa kule, mwenye uso wa mtu aliyelala na njaa, akamwomba foto ya kampeni, na Zébédée akamtoa kwenye karatasi amekuwa baba wa wote. Mbunge akashinda. Jina la Zébédée likavuma kutoka hoteli hadi hoteli, Lusaka, Windhoek, Luanda, na kila msimu wa kura wakubwa walimtumia tikiti ya ndege. Alisafiri na kitambaa chake cha kijivu na taa zake mbili, akawavika watu wale kilemba cha ukoka, nao wakakipenda.

Siri yake ilikuwa macho. Mdomo wa mwanasiasa unafundishika, alikuwa akisema, hata mikono unaweza kuipanga juu ya meza, lakini macho ndiyo yanatoboa siri. Mafundi wote wanajua dawa yake: mtu akiwa amependeza lakini kafumba macho, unachukua macho ya foto yake nyingine ya siku ileile, unayapandikiza kwenye kompyuta, kazi imekwisha. Hata foto za harusi hufanyiwa hivyo na hakuna anayekufa.

Kabla ya kura iliyopita akaletewa Honorable Matthias Mwanza, mgombea wa kwetu, aliyekuwa anakaa Lusaka kwa shughuli zake. Asubuhi ya siku ile Zébédée alikuwa na mgeni nyumbani, mdogo wake Monga, aliyetoka Kamina na furushi la samaki wakavu wa Mulongo na salamu za mama yao. Honorable alichelewa. Zébédée akamwambia mdogo wake akae kwenye kiti ili yeye apime taa. Akamvika koti, akarudi nyuma ya kamera, akamuuliza, "Mama iko namna gani?"

Monga aliinua macho kabla ya kujibu. Zébédée akapiga hapohapo, akaona taa iko sawa, akamwambia ashuke.

Honorable alipofika alikaa kiti kilekile, taa zilezile, kwa muda wa saa tano nzima. Foto mia tatu, na hakuna hata moja. Mdomo ulicheka, shingo ilinyooka, ila macho yalikutazama vile mtu anavyomtazama mbuzi wa kuchinja kesho. Zébédée alimwambia awataje watoto wake, akawataja. Alimwambia amkumbuke marehemu mama yake, akamkumbuka. Macho hayakubadilika hata kidogo. Zébédée aliyaona, na nataka mlishike neno hilo, maana baadaye watu walimtetea kwamba hakujua. Mara mia tatu aliona.

Honorable alipoondoka, Zébédée akafungua kompyuta, akachukua macho ya Monga, akayapandikiza chini ya nyusi za Mwanza. Taa ileile, kiti kilekile, yakakaa kama yalizaliwa pale. Akajisifu moyoni, kazi ya dakika ishirini. Kisha akaifuta ile foto ya Monga, kwa sababu foto za kupimia taa haziwekwi, zinatupwa kama maganda ya viazi. Hakumwambia mtu yeyote, hata Monga mwenyewe.

Afishi za foto ile, mabango ya kampeni, zikaja Kamina elfu mbili, zikabandikwa kila ukuta, kuanzia stesheni hadi sokoni. Watu wakasimama chini yake wakitikisa vichwa. Wakasema, huyu ni mtu, angalia tu macho. Mama Kabedi, mama yao, mshonaji wa nguo ambaye hasifii mtu ovyo, akampigia Zébédée simu.

"Ule Honorable yako," akasema, "ananiangaliaka kama mutoto wa nyumba. Nikipita pale ku ukuta ya lupango ya Papa Sefu, ninasimama. Sijue juu ya nini."

Zébédée akacheka. Alisema ni ufundi, mama.

Honorable alishinda, na mwaka uliofuata akatangaza kwamba mashimo ya zamani ya makaa, kule upande wa Luena, yatafunguliwa na kampuni yake. Wataalamu wameyakagua, alisema. Hakuna mtaalamu aliyefika, labda mbuzi. Vijana wa mtaa walisitasita, na wa kwanza kusitasita alikuwa Monga, aliyekuwa na akili zake. Akampigia kaka yake.

"Yaya," akasema, "weye ulikaa na ule muntu karibu. Iko muzuri? Tumufwate?"

Wakati huo Zébédée alikuwa anangoja Honorable ampeleke Kinshasa, akapige foto za wakubwa zaidi. Tikiti ilikuwa imeshaahidiwa.

"Iko bien," akasema. "Iko muntu ya bantu."

Basi Monga akawa ndiye anayewatoa wenzake wasiwasi. Alizunguka mtaani akisema yaya wangu njo alimupiga foto, angekuwa mubaya yaya angeniambia. Nasibu, mtoto wa mwisho wa mzee Sefu mwenye duka la vitenge, akaacha duka la baba yake akamfuata Monga. Wakaenda na wengine, ishirini na mmoja kwa hesabu. Mvua za Februari zikaloweka udongo, na asubuhi moja shimo likajifunga juu yao wote. Siku ya nne watu wa kampuni wakaacha kuchimba. Walisema shimo lenyewe litakuwa kaburi, na wakapanda magari yao.

Zébédée alipofika Kamina alikuta kilio kimejaa uani kwao, turubai, mikeka, wanawake wamekaa chini wamenyoosha miguu. Katikati palikuwa na sanduku jipya la maiti linalong'aa, limeletwa na watu wa Honorable, na ndani yake hamna kitu. Watu haohao walikuwa wametundika afishi mpya ya foto ileile kwenye geti, kubwa kuliko zote, na maneno ya pole chini yake. Kwa hiyo kila aliyeingia kulia alitazamwa. Zébédée alipita pale ameinamisha kichwa, mtu mzima anaogopa karatasi.

Mama Kabedi hakumkumbatia. Alikuwa amekaa kwenye stuli ya cherehani yake, macho makavu, sauti imekwisha kwa kulia.

"Umefika," akasema. "Muzuri. Foto ya ndugu yako iko wapi?"

"Foto gani, mama?"

"Mutoto wangu haiko mu sanduku. Siwezi kuzika mbao. Nataka uso yake iingie pale, nijue nimezika muntu. Weye unapigaka foto ya bakubwa ya nchi yote. Leta ya Monga."

Simu ya Monga ilizama naye, na kadi yake ya kura pia, ilikuwa mfukoni. Nyumbani ilibaki foto moja tu, ya komunyo ya kwanza, ana miaka tisa na mshumaa mkononi. Mama aliikataa. Alisema aliyekufa alikuwa mwanaume mwenye ndevu, hawezi kuzika mtoto mwingine. Mazishi ni kesho saa tisa.

Zébédée aliingia chumbani na kompyuta yake. Akafungua miaka kumi na minne ya kazi: mawaziri, maseneta, wake zao, mabwana wawili walioko jela sasa, mmoja aliyepinduliwa. Alitafuta mpaka vidole vikafa ganzi. Nyuso elfu na elfu, zimepambwa, zimelainishwa, na ya ndugu yake wa tumbo moja hakuna. Ndugu aliyemletea samaki kutoka Kamina alikaa mbele ya taa zake mara moja tu, naye akamfuta. Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza, tena kwa aibu, akijiziba mdomo na shati lake.

Kesho yake asubuhi akatoka uani mikono mitupu. Mzee Sefu alikuwa amekuja kukaa na mama, kiti cha plastiki, kofia yake juu ya goti. Yeye hata sanduku hakuletewa, kwa sababu Nasibu hakuwa kwenye orodha ya kampuni. Alimwita Zébédée karibu.

"Mwanangu," akasema, "minyi sina kelele na weye. Nataka tu kuuliza. Monga alituambia ulikaa na ule muntu saa tano, uso kwa uso. Minyi naona bantu ku duka kila siku, mwizi namjua akiinua macho. Weye fundi. Uliona nini?"

Kilio chote kikamgeukia. Zébédée angeweza kusema hakuona kitu. Tikiti ya Kinshasa bado ilikuwepo, maisha yake ya hoteli na mialiko bado yalikuwepo, alichotakiwa ni kusema neno moja dogo na wote wangeendelea kumpa mkono. Alifungua kinywa kulisema. Akageuka, akakutana na afishi pale getini, na Monga anamtazama kutoka kwenye uso wa Mwanza, ameinua macho, anakaribia kujibu habari za mama.

"Niliona, Papa Sefu," akasema. "Yote niliona. Alikuwa na macho mabaya. Njo maana niliyatoa."

"Uliyatoa namna gani?"

"Niliweka ingine. Niliweka ya Monga."

Hakuna aliyeelewa. Ikabidi aeleze pale pale, mbele ya shangazi na majirani: kiti, koti, taa, swali alilomuuliza mdogo wake, kompyuta, dakika ishirini. Alieleza na ile simu ya Monga na jibu alilompa. Alisema pia kwamba foto ameifuta. Hakujitetea popote, hilo namhesabia.

Mama Kabedi aliinuka. Alitembea hadi getini, akasimama chini ya ile afishi mahali wanaposimama watu, akainua mkono wake na kuuziba mdomo wa Mwanza kwa kiganja, kisha kwa kiganja cha pili akaziba paji la uso. Yakabaki macho peke yake. Akayaangalia hivyo mpaka Sefu akaja kumshika kwapa.

"Nilisema," akasema mama. "Nilisema iko mutoto wa nyumba. Haukuniambia."

"Mama, nisamehe."

"Na macho yako weye, siku ile, yalikuwa wapi?"

Mimi ninayewasimulia sijui jibu lingekuwa lipi. Mama hakungoja. Alirudi kwenye cherehani, akachukua mkasi wake mkubwa wa kukatia vitenge, akaamuru afishi ishushwe. Akailaza juu ya mkeka. Alikata kwa mkono uliozoea kipande kirefu kutoka sikio hadi sikio, na akakiweka sandukuni upande wa kichwa, kama unavyomlaza mtu. Akakinyoosha mikunjo.

Sefu alikuwa bado amesimama.

"Na Nasibu wangu?" akauliza. Hakumuuliza yeyote hasa. "Minyi nitazika nini?"

Mama akahesabu kidogo kichwani, midomo ikichezacheza.

"Bile bintu ya ku ukuta bilipigwa ngapi?" akamuuliza Zébédée.

"Elfu mbili, mama. Na hii mupya."

"Leta yote. Papa Sefu naye atapata ya kuzika." Akamsukumia mkasi kifuani. "Sitaki mutoto wangu abakie ku uso ya ule muntu, anadanganya bantu mu barabara. Hata moja. Enda."

Akaenda. Mchana kweupe, suti yake ya Lusaka, mkasi wa mama mkononi na ngazi ya mzee Sefu begani. Alianzia kwenye ukuta wa stesheni, palepale alipokuwa akitundika shuka yake. Askari wawili walimsimamisha, akawaambia anamtoa ndugu yake, na sijui walisikia nini katika sauti yake, walimwacha. Simu yake ililia mfukoni mara nyingi, namba ya ofisi ya Honorable, baadaye ikaacha. Hakumaliza kuta zote siku ile, nyingine zilimchukua wiki, na Kinshasa hakuenda tena wala popote.

Saa tisa walibeba sanduku. Zébédée alishika mbele upande wa kushoto. Lilikuwa jepesi mno kwa watu wanne, na kila walipokanyaga shimo la barabara karatasi alizokata zilisikika ndani zikisogea. Pande zote za njia kwenye kuta alikuwepo Honorable Mwanza na tundu refu chini ya nyusi, matofali yanaonekana. Mama Kabedi alitembea nyuma ya sanduku bila kuangalia kando. Walipokaribia makaburi alimgusa mwanawe begani.

"Punguza mwendo," akasema. "Anatikisika."