Siku Ambazo Ardhi Haichimbwi

Mama Sebati alicheka hadi akaegemea mpini wa jembe lake.

"Jumamosi? Binti yangu, umesema Jumamosi? Hiyo si ndiyo Raja yenyewe! Hata ng'ombe wa chuo ukimfunga nira siku hiyo atakusuta."

Wanawake wengine wa shambani wakaangua kicheko. Banaja, mwanafunzi wa kilimo, alisimama kwenye tuta, kamba ya kupimia mistari mkononi, akajaribu kucheka nao. Hakuweza.

Alizaliwa jimbo la Odisha, akalelewa Odisha, na bado alikuwa ameisahau sikukuu ya Raja. Kila mwaka katikati ya Juni, kabla mvua hazijakaza, Ardhi huwa katika siku zake kama mwanamke yeyote, na mwanamke aliye katika siku zake hasumbuliwi. Kwa siku tatu hailimwi, haichimbwi, haichomwi hata kwa kijiti. Siku ya nne huogeshwa, na baada ya hapo ndipo majembe hutoka. Mtoto wa miaka mitano anayajua haya. Lakini mpango wa utafiti wake Banaja aliuandika mwezi wa Januari, akiwa amekaa sakafuni katika hospitali ya Baripada, binti yake Tikili amelala kitandani na homa ya mapafu. Alitaka tarehe zilizokaa vizuri. Akaandika: ulezi upandwe tarehe kumi na tano Juni, kisha kila baada ya siku kumi, mara nne, ionekane tarehe ipi inazaa zaidi. Kamati ya walimu ikapitisha.

"Mje basi kwa saa moja tu," Banaja alisema. "Ni viwanja vitatu."

"Saa moja!" Mama Sebati alifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya sari. "Wewe mwambie mumeo aliye kibaruani huko Surat akusumbue saa moja tu siku zako, uone utamjibu nini."

Wakacheka tena, wakabeba vikapu vyao, wakaenda zao.

Upandaji wa kwanza ukikosekana, jaribio lote halina mguu wa kusimamia. Ingebidi lirudiwe msimu ujao, na msimu ujao maana yake ni mwaka mwingine wa kitanda cha bweni, mwaka mwingine Tikili akilelewa na bibi yake kijijini, safari ya basi ya kutwa nzima kutoka Bhubaneswar. Alipomwacha alikuwa hajafikisha miaka miwili. Sasa alikuwa anakaribia minne.

Jioni ile alikwenda ofisini kwa Profesa Dahiya, msimamizi wake. Profesa alikuwa mtu wa jimbo la mbali la Haryana, mrefu, asiyependa maneno mengi. Miaka yote aliyofundisha pale hakuwahi kuonekana kwenye sikukuu ya mtu.

"Wafanyakazi hawaji? Basi panda mwenyewe," alisema bila kuinua macho.

"Mwalimu, ni Raja."

"Udongo hausomi kalenda, Banaja. Na kamati imepitisha tarehe kumi na tano. Tukianza kukwepa sikukuu, nchi hii utapanda lini?"

Banaja akatoka. Uani, wasichana wa bweni walikuwa wakipakia mabegi kwenye bajaji, wakipigiana kelele kuhusu nani amesahau bangili za nani. Mmoja akamwita, "Dada Banaja, wewe huendi?" Na kabla hajajibu bajaji ikaondoka. Mpishi naye alikuwa amekwisha funga jiko, akatundika kufuli. Usiku huo bweni zima lilikuwa na taa moja.

Akampigia mama mkwe wake.

"Mama, sitaweza kuja."

"Tikili ameshatangaza mtaa mzima kwamba mama yake anakuja."

"Nina kazi ya kupanda, Mama."

"Kupanda? Raja? Umtie Mama Ardhi jembe siku kama hiyo, na wewe mwenyewe ni mwanamke?" Kisha sauti ya mama mkwe ikalegea. "Umekula lakini?"

"Nimekula."

Alikuwa na pakiti ya biskuti. Akala mbili, nyingine akaziweka kwa ajili ya kesho.

Jumamosi asubuhi alichukua jembe stoo akaenda shambani peke yake. Joto lilikuwa limeshapanda. Mlinzi hakuwepo langoni, wala mchunga mbuzi wa kila siku, wala yule mzee wa pampu ambaye huimba vibaya. Aliifunga kamba kwenye vigingi vya zamani ili asitoboe shimo jipya, akashangaa mwenyewe kuona amefanya hivyo. Mbegu zilikuwa kiunoni, kwenye kifuko. Akainua jembe.

Aliliinua, na mikono ikabaki juu.

Woga ulikuwepo, tusidanganyane. Maneno ya mama mkwe yalikuwa bado masikioni. Lakini kilichomzuia zaidi ni macho yake, ambayo yalikwenda ng'ambo ya ua wa chuo, kwenye mashamba ya wakulima. Yalikuwa matupu mpaka upeo. Mashamba yameshalainishwa, mbolea imeshamwagwa, na hapakuwa na jembe, wala ng'ombe, wala mtu. Kutoka hapa hadi Baripada, aliwaza, na hadi kule pwani, leo anayeshika mbegu ni mimi tu. Basi tarehe hii ninampimia nani?

Akalishusha jembe pole pole, akalilaza juu ya tuta kama mtu anavyomlaza mtoto aliyesinzia. Akaenda nyumbani kwa Profesa.

Profesa Dahiya alifungua mlango akiwa na fulana, mikono imejaa unga hadi kwenye viwiko. Akaona haya.

"Mpishi wangu amekwenda kwao," alisema. "Umeshapanda?"

"Sijapanda, mwalimu."

"Jua linakuacha."

"Naomba kuuliza swali moja. Jaribio letu ni la nani?"

"Swali gani hilo? La mkulima."

"Mkulima gani atapanda leo?"

Banaja akaogopa, lakini maneno yalikuwa yameshaanza, na maneno yakianza huvutana kama wanyama wa msafara mmoja. "Nikipanda leo peke yangu nitajua napata magunia mangapi kwa hekta, nitayaandika vizuri, mtayasoma. Kisha bwana shamba atakwenda kijijini na kumwambia mkulima apande tarehe kumi na tano Juni, naye mkulima atamcheka kama Mama Sebati alivyonicheka. Tarehe ambayo hakuna mtu atakayeitumia, mwalimu, tunaipima ya nini?"

"Ungesema haya Januari."

"Januari nilikuwa hospitali na mtoto. Na nyinyi wa kamati mlikuwa watano."

Lilimponyoka. Akauma ulimi. Profesa akautazama unga mikononi mwake.

"Simu yangu iko pale mezani," alisema. "Mpigie Profesa Mohapatra wa kamati. Weka sauti ya nje, mimi siwezi kuishika."

Simu ilipopokelewa, zilisikika kwanza kelele za watoto na kamba za pembea zikilia.

"Bwana Dahiya! Njoo ule keki, mke wangu ameoka ya kulisha wilaya!"

"Asante. Nina mwanafunzi hapa anataka kuhamisha tarehe ya kupanda."

"Tarehe ipi?"

"Ya leo."

"Leo? Mwendawazimu gani aliweka kupanda leo?"

"Sahihi yako ipo."

Mtoto mmoja akapiga ukelele wa furaha. "Siku hiyo nilikuwa sijanywa chai," alisema Profesa Mohapatra. "Hamisheni, hamisheni. Lakini aandike sababu yenyewe waziwazi. Asije akasingizia mvua."

Profesa Dahiya alirudi kwenye sinia la unga. Alikanda kidogo kabla ya kusema.

"Tarehe zote nne zisogezwe mbele siku tatu. Jumanne uanze. Na nimeona kosa letu jingine. Mkulima anachotaka kujua ni kama apande kabla ya Raja au baada. Kabla imeshatupita. Mwaka ujao mwanafunzi mwingine atapima."

"Mwingine?"

"Mwingine. Wewe Mei uwe umeshakwenda kwenu."

Banaja akageuka akatazama rafu ya masufuria mpaka macho yalipokauka. Rafu ilikuwa na sahani moja, kikombe kimoja, na picha ya wavulana wawili wenye sare za shule. Profesa alimpa chapati na dengu, naye akala akiwa amekaa kwenye kigoda. Mara mbili Profesa alifuta mikono akaitazama simu, na haikuwa imelia.

Kwenda nyumbani hakukuwezekana. Madereva wa mabasi walikuwa kwenye sikukuu wakicheza karata kama watu wengine wote, na hadi watakaporudi barabarani yeye angekuwa anatakiwa shambani. Jioni akapiga simu. Alimsikia mama mkwe akimwita mtoto, kisha pumzi ndogo kwenye simu.

"Nani?"

"Mama, Tikili."

"Mama yuko hapa, ananisuka."

Banaja alikaa kitandani. Vitanda vitatu vingine vilikuwa vimekunjwa magodoro. "Mimi ni mama yako wa Bhubaneswar."

"Aaa," alisema Tikili kwa upole, kama mtu aliyekumbuka. "Wa kwenye simu."

Kisha akakimbia, miguu yake ilisikika ikififia. Mama mkwe akaichukua simu.

"Usilie. Ni mtoto."

"Silii. Mama, sikuchimba. Wamekubali nipande Jumanne, na mwaka hautaongezeka. Mei nakuja, sirudi tena huku."

"Mei?"

"Mei, Mama."

"Basi nitaanza kumzoesha." Mama mkwe alisita, akacheka kidogo. "Nimwambie kila siku: mama yako ana miguu, si sauti tu."

Jumanne asubuhi Mama Sebati na wenzake walifika, nyayo zao bado nyekundu kwa rangi ya sikukuu, tambuu mashavuni, kila mmoja akimsimulia mwenzake yale yale ambayo mwenzake alikuwepo akiyaona. "Haya, mwanafunzi," Mama Sebati alisema, "ameshaoga, ameshapumzika. Sasa mguse."

Banaja hakuwa na la kusimulia. Alishika ncha moja ya kamba, akaenda nayo hadi mwisho wa kiwanja mahali sauti zao zilipofika kidogo tu, akaivuta ikanyooka. Kisha akapiga magoti, akaanza mstari wa kwanza.