Karatasi za Kiwanda cha Sabuni

Jumatano hiyo Florentine alinunua karanga, nguba kwa lugha ya mji, sokoni kwa Zaina, akazimimina mkononi, akaikunjua karatasi iliyozifunga ili apate chembe za mwisho, akajikuta anasoma ugonjwa wa Benoît.

Juu kulikuwa na muhuri wa Savonnerie Lindi, kiwanda cha sabuni ambako Florentine alifunga vipande kwenye maboksi kwa miaka tisa. Chini ya muhuri, kwa mwandiko wa nesi wa zahanati ya kiwanda: Benoît, fundi wa mashine, kisonono, sindano sita, mwaka 1971. Kwenye kitambulisho Benoît alikuwa na jina jingine tangu serikali ilipokataza majina ya Wazungu, lakini karatasi ilikuwa ya zamani, na mtaani hakuna aliyewahi kumwita vingine.

Tusimsingizie Florentine utakatifu. Alicheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza ya Zaina, kwa maana alimwona Benoît kila Jumapili akipita na abakosi, ile suti ya serikali isiyo na tai, iliyopigwa pasi, kidevu juu, kama mtu aliyezaliwa bila mwili. Halafu kicheko kikamkauka mdomoni. Karatasi hiyo ilitoka kwenye kabati la chuma la ofisi ya wafanyakazi, na ndani ya kabati hilo hilo kulikuwa na faili lake.

“Zaina, hizi karatasi ulitoa wapi?”

“Ku kiwanda ya sabuni, mama. Gérant mupya, mukubwa wa kiwanda, anafunga bureau, akauzisha yote kwa kilo. Niko na magunia tatu ku nyumba. Iko mubaya?”

“Hapana. Nipe nguba zingine.”

“Ngapi?”

“Yote.”

Faili la Florentine lilisema jambo moja ambalo mjini Kisangani hakuna aliyelijua: kwamba hakuwahi kuzaa. Mwaka wa vita, sitini na nne, mwanamke mmoja mkimbizi aliyeitwa Félicité, mtu wa Yanonge, chini ya mto, alilala chumbani kwake karibu na Simi-Simi, akapata homa, akafa siku ya tano, akamwachia mtoto wa miezi minne. Mtoto huyo ni Angélique, sasa ana miaka kumi na mitano, na anamwita Florentine mama bila kufikiri. Watu waliamini ni mtoto wa mume ambaye Florentine aliachana naye Kindu. Florentine aliwaacha waamini.

Ofisini tu ndiko alikosema ukweli. Ilikuwa mwaka sitini na nane, mtoto anawaka malaria, na zahanati ya kiwanda haikupokea mtoto asiyeandikwa kwenye kadi, na kadi ilitaka cheti cha kuzaliwa. Mama wa ofisi ya wafanyakazi alifunga mlango, akasema, “Niambie tu, haitatoka hapa.” Florentine akanong'ona. Yule mama akaandika kila neno, pamoja na jina la Félicité na la Yanonge. Watu wa mto hawasahau damu yao, na Florentine aliogopa kwamba siku wakilipata jina hilo, watapanda mtumbwi kuja kumchukua msichana.

Basi akaanza kuwinda. Jumatano alifungua vifuko ishirini na vitatu, Alhamisi thelathini. Nyumbani kila sufuria ilijaa karanga, na Angélique akauliza kama wanafungua duka. Florentine akamwambia ale na anyamaze, maneno ambayo hakuzoea kumwambia.

Na hapo ndipo alipojiharibia mwenyewe. Soko lina macho. Wanawake walimwona mtu mzima akinunua karanga, akizimwaga kwenye kikapu kama takataka na kusoma karatasi pande zote mbili. Wakasema lazima kuna kitu ndani. Ijumaa hakuna aliyekula karanga kabla ya kukunjua. Waliojua kusoma waliwasomea wasiojua, kwa sauti, wakiongeza chumvi. Miezi mizima watu wangeweza kutupa zile karatasi bila kuzitazama. Florentine, kwa haraka yake, aliufundisha mji mzima kuzisoma. Jioni bibi yake Benoît alipata karatasi nyingine ya mumewe, na Benoît akaenda kulala kwa kaka yake.

Jumamosi asubuhi hakwenda sokoni tena. Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Zaina, akapiga magoti mbele ya magunia, akachambua mpaka mgongo ukamuuma. Katika gunia la pili alilipata: zima, jalada la kijani, kurasa nne, muhuri, saini ya ofisi.

“Iko yako?” Zaina akauliza.

“Iko yangu.”

“Chukua, mama. Mi sijue kusoma.” Zaina aliyatazama magunia yake kwa aibu. “Mi nafungia nguba ndani ya siri za batu, na hakuna mutu aliniambia. Sitauzisha hata moja tena.”

Florentine alilisukuma faili chini ya blauzi, akajifunga kitenge juu yake. Angeweza kwenda nyumbani wakati ule ule. Lakini wafanyakazi wa zamani walikuwa wameitana saa nane kwa Maître Hilaire, mtetezi wa mahakamani, na asiyeonekana kwenye mkutano wa namna hiyo ndiye anayesemwa. Akaenda, akakaa karibu na mlango.

Walifika kama ishirini, hakuna aliyemtazama mwenzake usoni. Hilaire, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliwaacha wafoke kwanza, kisha akagonga meza.

“Bon. Munisikilize. Tunaweza kwenda kwa inspecteur du travail, mukaguzi wa kazi. Atamuita gérant, watakunywa bia, atatuambia tuvumilie. Tunaweza kupeleka plainte ku parquet, kwa batu ya mashitaka: mutu mwenye kupewa siri juu ya kazi yake, sheria inamukataza kuitoa, anaweza kufungwa. Lakini ni nani tutafunga? Nesi alikufa. Gérant atasema hakusoma, aliuzisha karatasi tu. Donc mi naona tribunal, mahakama yenyewe. Article 258. Mutu akimuharibia mwenzake kwa kosa lake, lazima atengeneze. Pale juge anatafuta kosa, anatafuta hasara, na anatafuta kamba yenye kufunga ile kosa na ile hasara.”

“Hasara, nani ataisema?” mtu akauliza.

“Mwenye nayo.”

“Mbele ya batu?”

“Tutaomba huis clos, milango ifungwe. Lakini hukumu inasomwa milango wazi. Siwezi kuwadanganya.”

Hapo wote waliuona ubaya wa jambo lenyewe: ili ulipwe kwa siri iliyomwagika, unatakiwa kuimwaga tena kwa mkono wako.

“Na kitu ingine,” Hilaire akasema. “Hizi vipande zenu biko na mafuta ya nguba. Advocat wa kiwanda atasema mulibiokota ku takataka. Mi nataka faili moja nzima, na muhuri, na saini. Nani iko nayo?”

Pembe ya jalada ilimchoma Florentine chini ya titi. Hakusogea.

Kisha Benoît akasimama. Abakosi yake haikuwa na pasi.

“Bon. Mi ndio Benoît wa kisonono. Yote munajua, basi mucheke tumalize.” Wachache wakacheka, wakaacha. “Nesi aliniapia kwa Mungu. Mi nitasema mbele ya juge, milango wazi, milango imefungwa, haidhuru. Ila karatasi yangu siko nayo. Bibi yangu aliipasua.”

Florentine akainuka, akatoka nje. Alipita njia ndefu, akarudi nyuma, akasimama mbele ya posta bila haja ya posta, akaendelea. Alikuwa na aibu. Mtu ambaye yeye alimcheka siku ya Jumatano alikuwa amesimama peke yake mbele ya watu ishirini, naye Florentine alikaa amekumbatia kitu ambacho wote walikihitaji.

Nyumbani jiko la makaa lilikuwa linawaka. Alitoa kurasa, akaisogeza ya kwanza kwenye moto mpaka pembe ikaanza kuwa kahawia. Sekunde mbili zaidi, na Angélique angebaki wake, na Yanonge ingebaki mbali. Lakini akamkumbuka yule mama akifunga mlango. Haitatoka hapa. Walikuwa wameuza mnong'ono wake kwa kilo! Hasira ilimpanda, ya moto kuliko makaa, na hasira ndiyo iliyouvuta mkono wake nyuma.

“Mama, unachoma nini?”

Angélique alikuwa mlangoni. Florentine angeweza kusema lolote. Siku nne alikuwa anakimbia, na miguu ilikuwa imechoka.

“Soma,” akasema.

Msichana alisoma akiwa amesimama. Kifaransa chake kilikuwa cha shule, chepesi kuliko cha mama yake. Alisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, akarudia wa kwanza.

“Donc bureau ya sabuni ilijua,” akasema mwishowe. “Na nesi. Na gérant. Mpaka gunia ya Zaina ilijua. Kila mutu, mama. Ila mimi.”

“Nilikuwa naogopa batu ya Yanonge watakuja kukuchukua.”

“Uliniuliza kama nitaenda?”

Florentine akamweleza tu habari ya mkutano wa Hilaire, na kwamba atapeleka faili kwenye kesi.

“Wewe unaenda kushitaki kiwanda, sababu ilitoa siri yako. Bon. Na mimi, nitamushitaki nani?”

Angélique aliweka kurasa juu ya meza, akazipanga vizuri, akaingia chumbani. Jumapili alipika, akafagia, akaweka sahani ya mama yake mahali pake, akala ya kwake nje. Florentine alizunguka ua siku nzima, akifua nguo ambazo hazikuwa chafu. Alimwogopa yule mtoto kuliko alivyowahi kuiogopa Yanonge.

Jumatatu saa mbili alikuwa mbele ya Hilaire na faili juu ya meza. Mtetezi alisoma, uso ukamng'aa kama wa mvuvi aliyesikia wavu mzito. Kisha akavua miwani.

“Mama Florentine, hii itatupa kesi. Lakini hasara hapa iko ya batu wawili. Yako, na ya mutoto. Mutoto hajafika miaka, hawezi kusaini. Lazima mukubwa asaini kwa jina lake, na lazima niandike ni kwa cheo gani. Niandike mama? Karatasi yenyewe inasema hapana. Tuteur, mulezi wa sheria? Hakuna tribunal ilikuweka. Mbele ya sheria, samahani, wewe hauko mutu wake. Advocat wa kiwanda ataona hiyo mara moja. Ataita familia ya Yanonge.”

Florentine alitazama mikono yake. Miaka kumi na mitano, malaria, vitabu vya shule, viatu, na hakukuwa na neno moja la kuandika.

“Andika mama.”

Angélique alikuwa amesimama kizingitini na sketi yake ya shule. Alikuwa amemfuata kwa mbali, njia yote, bila kujionyesha.

“Mutoto,” Hilaire akaanza, “sheria inasema—”

“Batu ya Yanonge wakikuja, mi mwenyewe nitawasikiliza, na mi mwenyewe nitawajibu. Andika.” Kisha akamgeukia Florentine, na sauti yake haikulainika. “Lakini mi na wewe, mama, ku nyumba, bado hatujamaliza.”

Hilaire aliivuta taipureta, akapiga herufi nne. Florentine akatia saini chini yake, akijua kwamba kesi yake ya kwanza inamngoja nyumbani, na kwamba yeye ndiye mshitakiwa.