Mfumbati wa Mvule

Saa nne kasoro asubuhi Mzee Randa alikuwa amepiga magoti chumbani kwa watu, fulana nyekundu ya duka la vitanda ikimbana tumboni, akisoma kijitabu kisicho na neno hata moja. Kilikuwa cha picha tu: kijitu chenye kichwa cha duara kikitabasamu, mshale, skrubu, mshale tena. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ametengeneza vitanda vya watu kuolea, kuzalia na kufia. Leo alikuwa anafundishwa kazi na katuni.

Aliimeza aibu hiyo. Njaa haina adabu, na hii ilikuwa siku ya mwisho ya majaribio. Akiimaliza bila lawama, kesho asubuhi angesaini mkataba wa kuunga vitanda vya boksi, vile vinavyouzwa vipande vipande, kazi yenye mshahara wa kila mwezi, ambao hakuwahi kuuonja maishani. Sheria ya duka ilikuwa moja: tumia kilichomo ndani ya boksi, usiongeze chako.

Karakana yake haikufa kwa uvivu. Mivule na mininga ilianza kununuliwa ikiwa bado imesimama msituni, na watu wasioonekana, kwa fedha za kwao. Magogo yakawa yanapita barabara kuu kwenda bandarini, manene, yamefungwa minyororo. Malori yakirudi yalileta makontena ya vitanda vya vumbi la mbao lililoshindiliwa kwa gundi na kupakwa rangi ya mvule. Mbao za kitanda kimoja zikawa ghali kuliko kitanda kizima cha dukani. Randa alishindana nao mwaka mmoja na nusu, mpaka mgongo ukamuuma bure. Afisa wa leseni alipokuja kudai ada mpya alikuta buibui wamejenga kwenye benchi la kazi, akaandika ada hiyo hiyo, na faini ya kuchelewa juu yake.

Simu ikalia kabla hajakaza skrubu ya mwisho. Ni bosi, mwenye duka.

"Ukimaliza hapo pitia kwa yule mkunga mstaafu. Analalamika kitanda kimevunjika. Mwambie dhamana imeisha, umpe karatasi ya ofa, basi. Usikae sana."

Mkunga alimfungulia mlango akichechemea kwa goti bovu. Randa alimtambua papo hapo. Ndiye aliyempokea kitindamimba wake, siku ambayo mama na mtoto wote walikuwa wa kuagana nao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Afadhali wamekutuma mtu mzima. Njoo ujionee."

Mumewe, aliyepooza upande mmoja, alikuwa amelazwa kwenye godoro sakafuni. Wiki ya pili sasa.

"Kumgeuza akiwa juu naweza," mkunga alisema. "Kumwinua kutoka chini, siwezi. Namwita jirani. Asipokuwepo jirani, mzee wa watu anashinda amelowa. Nimezalisha wanawake miaka thelathini na tano, sijawahi kumwacha mtu amelowa."

Kitanda kilikuwa kimesimamishwa ukutani. Mfumbati mmoja, ule mti wa ubavuni unaobeba chaga, ulikuwa umekatika, na palipokatika pamemwaga unga kama biskuti. Randa aliuchukua unga ule kwa kidole, akaunusa. Ulinuka gundi. Karatasi ya ofa ilikuwa mfuko wa nyuma, na huko huko ikabaki.

"Mama, una kamba?"

Akapima urefu, akafunga fundo, akaenda kwake kwa miguu.

Nyumbani, chini ya kitanda chao wenyewe, kulikuwa na ubao mmoja wa mvule, wa mwisho. Mkewe alipenda kumtania kwamba anautunza kwa ajili ya jeneza lake. Alipomwona anauvuta, aliacha kufua.

"Baba watoto, huo si ulisema hauuzi hata kwa dhahabu?"

"Siuuzi."

Akamweleza. Mkewe alijifuta povu mikononi. "Kesho unasaini, unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Haya." Akashika ncha ya pili ya ubao ili msumeno usiyumbe.

Mikono haisahau. Alipiga randa mpaka maranda yakajikunja miguuni kwake, akachonga ulimi wa kuchomeka kila ncha kwa patasi, na ile harufu ya zamani ikajaa uani. Alifurahi, hakuna haja ya kuficha, alifurahi hata akaona aibu. Saa nane mchana, kwa mkunga, ndimi zote mbili zilikuwa zimeingia kwenye matundu aliyoyatoboa katika matendegu, bila skrubu hata moja. Wakampandisha mzee wakisaidiana na jirani. Mzee alijitikisa kwa upande wake mzima, akasikiliza, kisha akasema kwa ule mdomo uliopinda:

"Hakilii."

Mkunga akacheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa nguo. Alitaka kumlipa, Randa akakataa. Basi yule mama, kwa wema wake wote, akafanya jambo lililobaki la kumlipa fundi mwema: Randa alipoondoka tu, alipiga simu dukani kumsifu.

Bosi alimpokea mlangoni, katikati ya maboksi yaliyopandiana mpaka dari. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Randa.

"Umetengeneza."

"Kilikuwa kimevunjika, bosi."

"Najua kimevunjika. Vyote vitavunjika. Kontena lingine linashuka wiki ijayo, nimelikopea benki, dola inapanda kila nikilala. Wewe unawatilia watu mvule! Atarudi lini dukani yule mama?"

"Mumewe alikuwa analala chini."

"Naye angenunua kingine, asilale chini. Nenda kautoe huo mvule. Sema ni kanuni za kampuni. Halafu kesho uje usaini."

Randa alimtazama mtu huyu aliyemjua tangu akiuza soksi kwa kutembeza. "Kitanda nilichokutengenezea ulipooa, kipo?"

Bosi akatabasamu kwa uchovu. "Kipo. Miaka kumi na minne, hakijalegea hata kidogo. Ndiyo maana hujaniuzia kingine, fundi. Na ndiyo maana mimi nina duka na wewe una bisibisi yangu mfukoni."

Ilikuwa kweli. Randa alichukua nyundo na patasi, akatoka.

Mkunga alishangaa kumwona tena. "Umesahau kitu, mwanangu?"

"Kidogo tu, mama. Chini huku."

Akajilaza sakafuni, akajisogeza mpaka chini ya kitanda. Juu yake mzee alikuwa anakoroma. Kugonga mara mbili tu kungetosha kuzitoa zile ndimi. Alipapasa kwa kidole mahali mvule ulipoingia kwenye ule ubao wa vumbi, akafikiri juu ya mshahara, na juu ya mkewe na povu lake mikononi. Alikaa huko muda mrefu. Kisha akaweka patasi upande wa ndani wa mfumbati na kuchonga mikato mitatu midogo, alama yake ya zamani, aliyokuwa akiiweka kwenye kazi aliyoimaliza.

Alipotoka alivua fulana nyekundu, akaikunja, akaiweka pamoja na bisibisi mezani, akabaki na singlendi.

"Wakija wa dukani wape hizi. Wakitaka kukibadilisha kitanda, kataa."

"Kwa nini wabadilishe kitu kizima?"

"Ndiyo hivyo, mama."

Jua lilikuwa bado kali alipofika kwake. Mkewe alimwona bila fulana, akaelewa, akaendelea kuanika. Alianika shuka mbili nzima kabla ya kusema neno.

"Na ubao umeisha."

"Umeisha."

"Ukifa je, tutakuzika na nini?"

"Mtanunua jeneza la boksi," alisema Randa, akichukua ufagio kutoa buibui kwenye benchi. "Ila mhesabu skrubu kabla hamjaondoka dukani."