Ubao wa Itto

Itto aliukumbatia ubao wake hadi wino ukamchafulia gauni. Wenzake walikwisha kuosha mbao zao kwa udongo mweupe, tayari kuandikiwa herufi mpya. Yeye alikuwa na zilezile za wiki iliyopita.

"Niletee tuoshe, mwanangu," alisema mwalimu Ghizlan, ambaye watoto walimwita Lalla, yaani bibi.

"Sitaki, Lalla. Zikifutika nitasahau kusoma."

"Huyo atazeeka na herufi nne," Hammu, mmoja wa wenzake, akamcheka.

"Na wewe nyamaza, jana ulishika ubao juu chini," Itto akamjibu.

Ghizlan hakumlazimisha Itto. Alimketisha karibu na birika la chai, akaanza kuvunja bonge la sukari. Karatasi ya buluu yenye maandishi iliyolifunga ikamwangukia mtoto mapajani. Itto akaiinamia, kidole kikatua kwenye herufi yenye meno matatu.

"Hii ni sini. Kama yangu."

"Umechungulia ubaoni?"

Itto akatikisa kichwa. Ubao ulikuwa bado kifuani, umegeuziwa ndani. Kisha akaupeleka mwenyewe kwenye beseni la kuoshea.

Maji yenye wino waliyamwaga shinani mwa mzeituni, pasipokanyagwa na mtu, kwa heshima ya herufi.

"Niandikie nyingine, Lalla," alisema Itto.