Kichwa cha Gia cha Mzee Elieneza

Kichwa cha gia kilikuwa kimeshaungua, na usiku wa jana niliota kimekuja kunidai.

Nieleze kwanza. Gari ni Datsun ya michezo, milango miwili, ya mwaka sabini na tatu. Mwenyewe alikuwa Mzee Elieneza, na sasa ni marehemu. Mjane wake, Mama Nakunda, aliniletea hapa gereji kwangu Moshi, akasema, "Fundi Senzighe, kilichoisha badilisha. Ila vya zamani nirudishie vyote kwenye gunia." Hiyo ndiyo desturi. Mteja asipoona cha zamani, hajui kama umeweka kipya.

Nilitoa vipande arobaini na viwili. Kimoja kilikuwa kile kichwa cha gia, gololi ya mti inayokaa juu ya fimbo. Kilikuwa kimelika upande mmoja. Nikafunga kipya, cheusi, kinang'aa. Kile cha mti nilikitupa kwenye jiko la mama lishe nikisubiri chapati. Kuni ni kuni.

Juzi Mama Nakunda akapiga simu. "Fundi, kile kichwa cha gia usikiguse. Kina shimo la kidole gumba chake. Macho yangu sasa yanaona ukungu tu, picha zake sizioni tena. Hilo shimo ndilo nililobaki nalo."

Nikasema, "Sawa, Mama."

Sasa ndoto.

Niko gereji. Gunia linafunguka lenyewe. Vipande vya zamani vinatoka na kukaa kwenye mabenchi, kilichotolewa kwanza kinakaa mbele. Hakuna anayesukumana. Kabureta kuukuu ndiye mwenyekiti. Anakohoa petroli kidogo, anajifuta.

"Wajumbe, tumetimia?"

"Tuko arobaini na mmoja," inajibu springi. "Mmoja ana udhuru. Ameungua."

Wote wanainamisha vichwa, na wasio na vichwa pia.

"Kanuni ya gereji hii ni ipi?" kabureta ananiuliza.

"Kilichoisha kibadilishwe."

"Mpandisheni."

Wananiweka juu ya jeki. Sikatai, kwa sababu kanuni ni yangu. Bushi mbili zinanitikisa goti la kulia.

"Linacheza."

"Tangu lini?" kabureta anauliza.

"Tangu mwaka juzi," nasema. "Kwenye ngazi."

Wanalitoa, wanafunga jipya, wanapaka grisi. Goti la zamani wananikabidhi mkononi. Ni zito kuliko nilivyofikiri. Halafu sikio la kushoto, limekwisha kwa kelele za injini. Nalo nakabidhiwa. Halafu plagi moja inaniambia nifungue mdomo, inachungulia.

"Ulimi umelika," inasema. "Umeteleza sana kwenye neno 'sawa'."

"Badilisheni," nasema.

Kabureta anapekua rafu, anarudi mikono mitupu. "Ulimi hauna spea. Utatumia huohuo. Ila kuanzia sasa utasema kweli, maana ukiteleza tena utakatika."

Nikageuka niteremke kwenye jeki, nikajikuta nimekaa ndani ya Datsun, kiti cha abiria. Tuko kwenye barabara ya changarawe, kijijini Kisiwani, kule nyuma ya milima ya Upare. Vumbi linaingia. Kiti cha dereva hakina mtu. Kuna mkono wa kushoto tu, una saa, umeshika fimbo ya gia. Juu ya fimbo kuna majivu ya kiasi cha ngumi. Hayamwagiki.

"Mimi ndiye uliyenichoma," majivu yanasema. "Chapati zilikuwa ngapi?"

"Mbili."

"Ziliiva vizuri?"

"Moja iliungua."

"Hata hiyo imeungua kama mimi," yanasema majivu. "Kwa nini ulinitoa?"

"Ulikuwa umechakaa."

"Nilichakazwa na nani?"

"Na Mzee Elieneza. Miaka ishirini na sita."

"Basi sikuwa nimeisha, fundi. Nilikuwa ndiyo kwanza nimekamilika. Nirudishie uchakavu wangu."

Nikasema nitapiga tupa kile kipya, nichonge shimo. Ule mkono ukaacha gia, ukanionya kwa kidole. Kutoka kiti cha nyuma kabureta akasema, "Uchakavu hauchongwi. Unahamishwa."

Nikatoa viatu vyangu. Majivu yakakataa, yakasema huo ni uchakavu wa miguu. Nikatoa goti langu la zamani. Yakasema hilo ni la ngazi. Nikatafuta, nikaona sina kingine. Nikakunjua kiganja cha kulia.

Ule mkono ukazishika sugu zangu, moja moja, polepole, kama mtu anayechagua maharage.

"Hizi," majivu yakasema.

Zikang'olewa kwa koleo. Haikuuma. Kila moja ililia kama karanga inayobanjwa. Majivu yakazimeza, yakawa magumu, yakawa kichwa cha gia. Mkono ukakishika, kidole gumba kikazama mahali pake, gia ikaingia ya nne bila kukwaruza. Kabureta akasema kikao kimefungwa, nami nikaamka.

Niliponawa uso asubuhi nikaona kiganja cha kulia ni laini kama cha karani.

Nikaenda gereji. Kwenye Datsun kile kichwa kipya cheusi, kwa upande wa dereva, kina shimo dogo. Jana halikuwepo.

Saa nne Mama Nakunda akafika na fimbo yake. Nikamkabidhi gunia. Akahesabu kwa kupapasa.

"Arobaini na moja, fundi."

"Mama, kichwa cha gia nilikichoma. Siku unapiga simu kilikuwa majivu. Nilikudanganya."

Akaingia kwenye Datsun, akakaa kiti cha abiria, akapeleka mkono kwenye gia. Kidole gumba kikatafuta, kikatulia. Akakaa hivyo mpaka chai ya mafundi ikapoa.

"Unasema umekichoma?"

"Ndiyo. Hicho ni kipya."

"Kipya hakina shimo, baba."

"Hicho kinalo."

Akatoka, akanipa mkono, akaushikilia. "Ee! Fundi gani ana kiganja cha bibi harusi?"

Nikambebea gunia. Kuna kweli ambayo mtu hakuiuliza.

Kwenye gunia karudishiwa vipande arobaini na kimoja. Cha arobaini na mbili nimelipa mimi: sugu nne, miaka thelathini na mmoja ya spana. Mchana huu nimefungua nati moja. Malengelenge mawili.