Mshika Ngao wa Kushoto

Upande wa kulia wa ngao haukuleta ubishi. Kamati ya nembo ya jiji ilitaka asimame mwanamume wa mji mkongwe, amevaa kanzu na kofia ya vito iliyodariziwa kwa mkono, mkono mmoja umeishika ngao. Ubishi ulikuwa upande wa kushoto. Mmoja alitaka twiga, mwengine kasa, na mzee mmoja akang'ang'ania simba ingawa hakuna aliyewahi kumwona simba Malindi.

Bi Hadiya, mwenyekiti wa kamati, aliwaacha waseme mpaka wakachoka. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa asili ya Lamu, na sauti yake ilikuwa bado ya darasani.

"Mji huu haukulishwa na wanyama," alisema. "Ulilishwa na wanawake wa bara, waliokuja sokoni na mahindi yao vichwani. Basi na asimame mwanamke wa Kigiriama. Tena awe na sura ya mtu. Sitaki kinyago."

Aliyeambiwa maneno hayo alikuwa Kadzo, mchoraji wa mabango mwenye kibanda nyuma ya soko, ambaye mchoro wake ndio uliochaguliwa kuwa msingi wa nembo ya jiji. Hakuhitaji kufikiri sana. Sura aliyoijua kuliko zote ilikuwa ya bibi yake mzaa baba, Hawe Kahaso, aliyeishi peke yake kijijini, ndani kidogo ukipita Gongoni.

Jumapili iliyofuata alikwenda. Hawe alifurahi mno. Alilitoa sandukuni hando lake la ujana, lile vazi la marinda mengi, akajifunga kiunoni, akashika uteo, ule ungo wa kupepetea, wenye mahindi mazima, akasimama mbele ya simu ya Kadzo kama bibi harusi.

"Vua kitambaa, Hawe. Nywele zionekane."

Bibi alisita. "Kichwa wazi?"

"Nywele zako nzuri. Zinavyochungulia nyeupe vile, zitapendeza."

Hawe aliangaza macho uani, akaangalia na njia, kisha akakivua kitambaa polepole. Kadzo akasema jambo la kuchekesha, bibi akacheka, na picha ikapigwa katikati ya kicheko. Ndiyo aliyoichora. Aliichora kwa penseli, akaipitia kwa wino, nywele akaziacha jinsi zilivyokuwa, nyeupe pe.

Kabla hajaimaliza, kijijini kulitokea msiba. Randu, binamu yake Kadzo, kijana mwenye afya aliyefanya kazi katika mashamba ya chumvi, alianguka kazini mchana na hakuinuka tena. Kadzo alikwenda kuzika. Hawe alilia mpaka sauti ikamkauka, maana Randu alikuwa mjukuu wake kama Kadzo. Ngumbao, kaka yake Randu, hakulia. Alikaa penye kona ya nyumba akimtazama bibi tu, na Kadzo alidhani ni uchungu.

Rasimu ya nembo ilipokamilika, kamati iliitoa mtandaoni ili wakazi watoe maoni. Siku ya kwanza watu walisifu. Siku ya pili asubuhi, Kadzo akiwa anachanganya rangi kibandani, Easter alimpigia. Easter alikuwa jirani wa Hawe, mke wa mtu, mwanamke asiyependa porojo.

"Kadzo, uko peke yako?"

"Niko kibandani. Kuna nini?"

"Ile picha ya Hawe imefika huku. Iko kwenye simu zote." Easter alinong'ona. "Wanasema amecheka na Randu yuko kaburini."

"Lakini picha ilipigwa kabla Randu hajafa!"

"Nani atawaeleza? Wanasema kwenye uteo si mahindi. Ni vichwa. Wamevihesabu, wanasema vinalingana na watu waliokufa katika ukoo wenu. Na mtoto wa Ngumbao anaumwa tangu juzi. Wanasema Hawe sasa amekabidhiwa mji mzima, atakula mpaka Malindi. Njoo umchukue, Kadzo. Njoo leo."

Simu ilikatika. Kadzo aliifungua ile rasimu kwenye simu yake akaikuza. Kwenye kila hindi alikuwa ametia nukta za wino kuonyesha punje. Alipozitazama sasa, na yeye aliona macho. Kila mwaka walisikia habari za wazee waliokatwakatwa na jamaa zao kwa kuitwa wachawi, na kila mara habari hizo zilikuwa za ukoo mwengine.

Alimpigia Bi Hadiya akamweleza, maneno yakigongana mdomoni.

"Naiondoa sasa hivi," Bi Hadiya alisema.

"Haisaidii, Mwalimu. Iko kwenye simu zao."

"Basi nisubiri hapo. Nakuja na gari."

Alikuja akiendesha mwenyewe. Kadzo aliingia akiwa ameukumbatia mchoro wenyewe, ule wa karatasi, kwa kuwa alifikiri wakiuona kwa karibu wataelewa kuwa ni mahindi. Walivuka daraja la Sabaki, wakapita Mambrui na Gongoni, wakaacha lami. Bi Hadiya alikuwa ameushika usukani kwa nguvu, na midomo yake ilikuwa ikicheza kwa dua.

Hawe walimkuta amekaa kibarazani na beseni. Vidole vyake vilikuwa vyeusi. Alikuwa akijipaka nywele piko, rangi nyeusi ya kufichia mvi, na matone yalikuwa yamemshuka shingoni.

"Shikamoo, Hawe."

"Marahaba." Hakuonyesha kushangaa. "Tangu jana hakuna aliyekuja kuniamkia. Watoto wakipita hapa wanaitwa kwao. Nikajua."

"Mbona unajipaka leo?"

"Sikuanza leo. Kila piko ikichujuka najipaka tena, maana huku mwenye mvi huitwa mchawi. Uliponiambia utakuja kunipiga picha ilikuwa imeshachujuka, nikaacha, ili unikute nilivyo." Alimwangalia mjukuu wake. "Hukuweza kuzichora nyeusi, Kadzo?"

Kadzo alipiga magoti akaanza kumfuta shingo kwa kanga, akimhimiza ainuke waondoke. Bibi alitaka kuchukua sufuria zake. Alitaka kufunga kuku. Bi Hadiya alimshika mkono akamwambia kwa upole, "Mwenzangu, twende hivyo hivyo."

Hawakufika garini. Vijana walikuwa wamekwisha ingia uani, na hawakuja kwa kelele. Hilo lilimwogofya Kadzo kuliko makelele. Walisalimu, wakavua kofia mbele ya Bi Hadiya, wakasimama kati ya nyumba na gari. Ngumbao alikuwa mbele.

"Hatukuja kwa ubaya, Kadzo," alisema.

"Mbona mmeshika mapanga?"

"Tumetoka shamba."

Kilikuwa kiangazi. Hakuna shamba lililokuwa likilimwa.

"Tunataka Hawe aende kwa mganga akale kiapo," Ngumbao aliendelea. "Kama ni msafi, atarudi nyumbani kwake. Basi."

"Na kama mganga akisema si msafi?"

Ngumbao alilitazama panga lake. Kadzo aliukunjua ule mchoro mbele yake. "Tazama. Mimi ndiye niliyeuchora. Haya ni mahindi. Hizi ni punje, nimezitia kwa kalamu yangu mwenyewe!"

Ngumbao alirudi nyuma hatua, kama mtu aliyeonyeshwa nyoka. Jasho lilikuwa likimtiririka, na panga lilikuwa likicheza mkononi. Ndipo Kadzo alipoelewa kuwa binamu yake hasemi uongo. Alikuwa anaogopa kweli. Angekuwa anadanganya ili arithi shamba la bibi, angepewa shamba, yakaisha. Mtu aliyeogopa namna ile utampa nini?

"Mwanangu hapumui vizuri," Ngumbao alisema. "Usiku kucha anamtaja Hawe. Anamwita. Kwa nini amwite yeye?"

"Kwa sababu anampenda," Kadzo alisema.

"Na Randu alimpenda pia."

Kijana mmoja nyuma alisema kwa Kigiriama kwamba maneno yamekuwa mengi. Wakasogea. Bi Hadiya alikuwa amejitia mbele ya Hawe, mwanamke mdogo wa umbo ndani ya buibui, na alipozungumza alizungumza na Ngumbao peke yake, kana kwamba wengine hawapo.

"Mwanangu, hutaki awe hapa. Nasi tumekuja kumwondoa. Akienda, hofu yako inaenda naye. Ukimgusa, utabaki nayo, na polisi watakuwa hapa kabla ya jua kuchwa, kwa maana watu wanajua niko wapi." Hilo la mwisho halikuwa kweli. Hakuwa amemwambia mtu yeyote.

Ngumbao alitafakari. Kadzo alisikia pumzi zake. Hatimaye akaunyooshea kidole mchoro.

"Hicho kichomwe. Hapa, tuone. Na yeye asirudi tena. Hata kuzikwa, asizikwe hapa."

Moto wa Hawe pale uani ulikuwa bado una makaa. Kadzo alichuchumaa akautia mchoro kwenye makaa. Karatasi ilikuwa nzito, haikushika upesi. Ilianza kwa mwanamume wa kanzu, ikapita kwenye ngao, ikafika kwenye marinda ya hando. Uso uliungua mwisho. Vijana wote walikuwa wameinama kuutazama, na mmoja aliapa kwamba ameusikia ukicheka. Wakati huo huo Bi Hadiya alimwingiza bibi garini.

Waliondoka polepole kwa sababu vijana walitembea sambamba na gari mpaka mwisho wa kijiji. Mmoja alikuwa akilipiga bati la juu kwa kiganja, pa, pa. Hawe alilala chini kati ya viti, Kadzo amemfunika kwa kanga na mwili wake. Piko ilikuwa haijakauka. Iliwachafua wote wawili.

Walipofika lami Bi Hadiya alisimamisha gari, akafungua mlango, akatapika.

Nyumba ya Hawe ilichomwa wiki hiyo. Kuku waligawanywa. Bi Hadiya aliandikisha habari kituoni, lakini hakuna aliyekubali kuwa ameona kitu, naye Hawe alikataa kutaja jina la Ngumbao, mjukuu wake. Nembo ya jiji ilipitishwa ikiwa na minazi miwili iliyoshika ngao. Kadzo aliichora kwa sababu Bi Hadiya alimwomba. Alimaliza haraka, hakuweka hata nakala.

Hawe alikaa naye katika chumba chake cha mtaa wa Maweni, Malindi. Alikuwa salama lakini hakuweza kuamini. Watu wakicheka njiani, alihamia upande wa pili wa kitanda. Akisikia pikipiki ikisimama, alikamata mkono wa Kadzo na kuuliza kama mlango una komeo.

Mtoto wa Ngumbao alipelekwa hospitali hatimaye, akaonekana ana homa ya mapafu, akatibiwa, akapona. Kadzo aliposikia alidhani sasa mambo yatatulia. Kijijini walisema amepona kwa sababu mchawi ameondoka.

Kisha mtoto mwengine akaugua, wa nyumba nyengine.

Easter alipiga simu alasiri. Safari hii hakunong'ona, alikuwa analia waziwazi.

"Ni mama mkwe wangu Kache, Kadzo. Leo asubuhi ameamka akakuta wamemwagia majivu mlangoni. Sasa wanasema mchawi ni yeye."

Kadzo alimtazama Hawe, aliyekuwa ameketi sakafuni akichambua mchicha. Bibi alikuwa ameyasikia yote. Aliusukuma mchicha kando, akainuka kwa taabu, akaanza kukivuta kitanda kuelekea ukutani ili papatikane pa kutandika godoro.

"Mwambie amlete," alisema. "Na mwambie amfunge kitambaa vizuri njiani."